Pilipili na matikiti ya uani Malindi na Lamu: soma dalili kabla ya kununua dawa

Mpilipili ukinyauka, wengi hukimbilia agroveti. Katika ukanda huu, kuanzia Watamu hadi Shela, hiyo ni njia ya kupoteza pesa na mche kwa pamoja. Udongo wetu mwingi ni mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe, visima vingi vina chumvi, na upepo haupumziki: kusi ikimaliza kuvuma, kaskazi huingia na jua lake. Ndiyo maana dalili nyingi zinazofanana na ugonjwa huanzia kwenye maji. Ama ni machache, ama yanakuja kwa vipindi, ama yana chumvi.

Dalili zimepangwa moja moja hapa chini. Katika kila dalili, chanzo kinachoonekana zaidi kimetangulia. Usiruke hadi cha mwisho kwa sababu ndicho kinachotisha.

Vipimo vitatu vya bure

Fanya hivi kwanza, dalili iwe ipi.

Tazama mmea alfajiri, kabla jua halijatoka. Uliolegea saa 8 mchana na kusimama tena alfajiri una kiu au joto tu. Uliolegea hata alfajiri una shida kwenye mizizi au ndani ya shina.

Chimba kwa mkono kando ya shina hadi sentimita 15. Mchanga hudanganya: juu umelowa, chini ni mkavu kama unga, kwa sababu maji ya ndoo yaliyomwagwa kwa haraka hukimbilia pembeni. Ukifinya konzi ya udongo ikashikana kidogo, maji yanatosha. Yakichuruzika vidoleni, umezidisha.

Onja maji ya kisima. Ulimi ukisikia chumvi, hoho imeshaisikia zamani, maana pilipili ni miongoni mwa mboga zisizovumilia chumvi. Kwa uhakika zaidi, chemsha lita 1 kwenye sufuria safi hadi maji yote yakauke, kisha kwangua kilichobaki. Kikifika robo ya kijiko cha chai, maji hayo peke yake hayafai kumwagilia pilipili. Rudia kipimo hiki mwisho wa kaskazi, mwezi Machi, kwa sababu kisima kilichokuwa kitamu wakati wa mvua huweza kubadilika. Kisima kilicho karibu na ufuo kionje maji yakijaa na yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa zaidi.

Kingo za majani zimeungua, zimekuwa kahawia na kukauka

*Chumvi kwenye maji.* Huanzia ncha na kingo za majani makubwa, kisha huingia ndani. Juu ya udongo huonekana ukoko mweupe, hasa pembeni mwa shimo. Kama una maji ya mvua kwenye birika au tangi, au ya bomba, changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Mwagilia shinani, kamwe usimwagie majani, kwa sababu maji yakikauka juu ya jani huacha chumvi palepale. Kila baada ya wiki 2 mwagia maji matamu mara tatu ya kipimo cha kawaida, polepole, ili chumvi iteremke chini ya mizizi. Kumwagilia kidogo kidogo kila siku kwa maji ya chumvi ndiko kunakoua, maana maji huvukizwa na chumvi hubaki.

*Chumvi iliyoletwa na mtu.* Makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba, mwani uliookotwa ufuoni na mchanga wa bahari vyote vina chumvi. Makumbi na mwani huweza kutumika, lakini viloweke kwenye maji matamu na kumwaga maji hayo mara 3. Mchanga wa bahari uache.

*Mbolea mbichi.* Lamu samadi ya punda inapatikana kila kichochoro, na ni mbolea nzuri ikishaoza. Ikiwa mbichi hupata moto, huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Ilaze kivulini miezi 2 hadi 3, uigeuze kila wiki 2 na kuinyunyizia maji. Iko tayari ikiwa nyeusi, haina harufu ya mkojo, na mkono ukiingizwa katikati hausikii joto.

*Upepo wa chumvi.* Ukiona upande mmoja tu wa mmea umeungua, ule unaotazama bahari, ni kusi. Weka kizuizi cha makuti chenye nafasi, si ukuta mzima. Upepo ukikuta ukuta huruka juu na kuangukia mimea kwa nguvu zaidi.

Kisima kikibadilika ghafla kutoka utamu kuwa chumvi, acha kuvuta kwa pampu. Maji matamu ya pwani hukaa kama tabaka juu ya maji ya bahari, na kuvuta kwa nguvu hupandisha yale ya chini. Hapo si suala la bustani tena. Mwite mtaalamu wa maji, kwa faida yako na ya jirani mnayechota tabaka moja.

Maua ya pilipili yanadondoka

*Joto.* Hoho huanza kuangusha maua mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 24. Hali hiyo ndiyo kaskazi yetu ya Februari na Machi. Mmea ni mzima na majani yake ni ya kijani, ila haushiki tunda. Dawa ya kweli ni kalenda: sia mbegu Aprili au mwanzo wa Mei kwenye kitalu kilichokingwa mvua, hamisha miche Juni ikiwa na majani 5 au 6, ili maua yatoke Julai na Agosti, miezi yetu ya baridi. Kama tayari una mimea inayochanua Februari, jenga kichanja cha mita 2 na utandaze makuti yaachane kiasi cha kiganja, ili kivuli kitembee badala ya kulala mahali pamoja.

Anayetaka pilipili mwaka mzima apande pilipili mbuzi. Huvumilia joto la hapa kuliko hoho, na kwa bustani ya mtu anayeanza ni chaguo bora. Hoho iachiwe msimu wake.

*Maji ya vipindi.* Ndoo 2 leo, kisha siku 3 bila tone. Mpilipili unaozaa kwenye mchanga unahitaji lita 2 hadi 3 kwa siku, nusu asubuhi na nusu baada ya Alasiri. Funika udongo kwa majani makavu au nyasi, unene wa sentimita 5 hadi 8, uache nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina.

*Mbolea ya kukuzia kupita kiasi.* Mti ni mrefu, majani mapana ya kijani kibichi, maua machache. Acha urea na samadi ya kuku kwa wiki 4.

*Vithiripi.* Pukutisha ua juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vyembamba kama nyuzi fupi vinatembea, ndio hao. Endelea na sehemu inayofuata.

Majani ya pilipili yamejikunja

Kwanza tazama yamejikunja kuelekea wapi.

Yakijikunja juu kama mtumbwi, na chini yake kuna mng'ao wa fedha au madoa ya kahawia, ni vithiripi. Kukiwa na vijidudu vya kijani au vyeusi vilivyojazana kwenye ncha changa, utelezi wa utamu na sisimizi wanaopanda na kushuka, ni vidukari. Jani likitikiswa na vumbi jeupe likaruka, ni inzi weupe. Wote watatu huanza kutibiwa kwa njia moja: maji ya nguvu chini ya majani asubuhi, siku 3 mfululizo. Kisha sabuni: kijiko 1 kikubwa cha sabuni ya maji kwa lita 5, upulizie chini ya majani jua likishatua, urudie kila siku 5, mara 3. Hapa wengi hukosea kwa kutumia maji ya kisima. Maji ya matumbawe yana chokaa, na sabuni huganda ndani yake bila kufanya kazi. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Jaribu kwanza majani mawili na usubiri siku moja.

Mwarobaini uko karibu kila mtaa. Twanga kilo 1 ya majani mabichi, loweka kwenye lita 5 usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo na upulizie siku hiyohiyo. Ukiuweka hadi kesho nguvu inapungua.

Yakijikunja chini, yakawa membamba, magumu, na ncha changa zikadumaa kama zilizochomwa, shuku utitiri. Huwezi kuuona kwa macho. Sabuni husaidia kidogo, salfa ya kupulizia husaidia zaidi. Lakini usipige salfa siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, usiitumie ndani ya wiki 2 za mafuta ya mwarobaini, na usiache irukie matikiti, hasa tikiti tamu (lile la ganda la wavu), kwa sababu huunguza majani yake.

Jani likiwa na mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyika, limejikunyata, na mti umedumaa, huo ni batobato. Ni kirusi, na hakuna dawa inayokiponya. Ng'oa mti huo leo, uuchome, kisha pambana na vidukari na inzi weupe kwenye iliyobaki, maana ndio wanaoubeba. Kumhurumia mmoja kunaweza kukugharimu kitalu kizima.

Mmea unanyauka

Anza na kipimo cha alfajiri. Ukisimama wenyewe, ongeza maji na matandazo, basi.

Usiposimama, chimba taratibu na utazame mizizi.

*Vifundo kwenye mizizi* kama shanga zilizotungwa: ni minyoo fundo, na mchanga wa pwani ndio nyumba yake. Mti uliokwisha kushikwa haurudi. Usipande hapo pilipili, nyanya, biringanya, bamia wala tikiti msimu unaofuata; bamia huilisha minyoo hiyo mno. Tumia kaskazi kama silaha. Januari, lainisha kitalu, kiloweshe hadi sentimita 30, tandika nailoni ya kupitisha mwanga, fukia kingo zake zote kwa udongo, na uache wiki 6. Jua hupika minyoo na mbegu za magugu pamoja. Nailoni nyeusi haifai kazi hii.

*Mizizi myeusi, laini, yenye harufu*: maji yamesimama. Chini ya mchanga wako huenda kuna mwamba. Piga kwa nondo. Ikigonga jiwe kabla ya sentimita 40, inua tuta la sentimita 25 au panda kwenye dumu la lita 20 lililotobolewa matundu 8 chini.

*Mizizi ni mizima lakini mti umenyauka ukiwa bado kijani*, tena kwa siku 2 au 3 tu: huenda ni mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina la chini, sentimita 6, kitundike ndani ya glasi ya maji safi na utazame kwa dakika 5 bila kutikisa. Vikiteremka vinyuzi vyeupe kama maziwa, ndio wenyewe. Simama hapo. Ng'oa mti na udongo wake, uutie kwenye gunia na kuuchoma, osha jembe na miguu kwa sabuni, wala usiutupe kwenye mboji. Mwite afisa kilimo wa wadi, maana bakteria huyu hukaa udongoni miaka mingi na husafiri kwa maji ya mvua hadi kwa jirani. Kwa miaka 3 au zaidi usirudishe hapo pilipili, nyanya, biringanya, mnavu wala viazi. Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Anayekuuzia anakuuzia maji.

Kwa tikiti, mkono mmoja wa mtikiti ukinyauka huku mingine ni mizima, pasua shina karibu na udongo. Rangi ya kahawia ndani yake ni ukungu wa mnyauko. Ng'oa, na usipande tikiti hapo kwa miaka 5.

Majani yamekuwa manjano

Majani ya chini yakiwa manjano yote sawasawa, mmea una njaa. Nusu debe la mboji iliyoiva kuzunguka kila mtikiti, robo debe kwa mpilipili, na maji juu yake.

Majani machanga ya juu yakiwa manjano huku mishipa imebaki kijani, ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, ila chokaa ya matumbawe hukifungia kisifike kwenye mizizi. Ndiyo maana desturi ya kumwaga jivu la jikoni bustanini, inayofaa bara kwenye udongo mchachu, hapa huzidisha ugonjwa. Acha jivu. Acha chokaa. Tia mboji nyingi, na kwa msaada wa haraka pulizia mbolea ya majani yenye chuma kwa kipimo cha pakiti, jioni. Hali isipobadilika baada ya wiki 3, peleka sampuli ya udongo ipimwe. Afisa kilimo atakuelekeza, na kituo cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kiko Mtwapa.

Kwenye tikiti, madoa ya manjano yenye pembe juu ya jani na ukungu wa kijivu chini yake wakati wa mvua ni ubwiri vinyoya. Vumbi jeupe juu ya jani ni ubwiri unga. Kata majani yaliyozidiwa, panua nafasi, mwagilia shinani. Ukienea nusu ya mmea kabla matunda hayajakomaa, muulize afisa dawa ya ukungu inayofaa.

Kitako cha tunda kimeoza

Doa la kahawia, kavu, lililobonyea, upande wa mwisho wa hoho au tikiti. Ushauri wa kawaida ni maganda ya mayai, ati kalisiamu imepungua. Juu ya matumbawe kalisiamu kwa kawaida imejaa. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba hadi kwenye tunda. Rekebisha umwagiliaji, weka matandazo, punguza mbolea ya kukuzia na maji ya chumvi, toa matunda yaliyooza. Matunda mapya yanayoshika baada ya hapo hutoka mazima.

Doa jeupe kama karatasi upande wa jua si ugonjwa, tunda limeungua. Punguza kupogoa majani. Doa la mviringo lililobonyea, lenye pete na uji wa rangi ya chungwa, ni chule: kusanya matunda yote ya hivyo, uyafukie, na usihifadhi mbegu zake.

Mtikiti una maua tele, hauna tunda

Dalili hii huwatia watu wasiwasi bure. Mtikiti hutanguliza maua dume, na ya kike hufuata baada ya wiki moja au zaidi. Ua jike lina kitikiti kidogo chini yake tangu kabla ya kufunguka. Kama huoni hata kimoja, subiri.

Vitikiti vikionekana, vikafika ukubwa wa yai, kisha vikageuka vyeusi na kudondoka, kata kimoja. Kikiwa na funza, ni inzi wa matunda. Kikiwa hakina, hakikuchavushwa. Uani pamezungukwa na kuta ndefu za mawe, nyuki hawafiki. Au jirani anapuliza dawa asubuhi. Chavusha kwa mkono kati ya saa 12:30 na saa 3 asubuhi, kabla ua halijafunga. Chuma dume lililofunguka leo, ng'oa petali zake, sugua unga wake kwenye sehemu zote tatu za katikati ya ua jike. Ukigusa sehemu moja tu, tunda litakua limepinda. Funga uzi kwenye kikonyo na uandike tarehe, utaihitaji.

Kwa inzi wa matunda, kinga ni karatasi. Tunda likifika ukubwa wa limau livishe mfuko wa gazeti na uufunge kikonyoni. Yaliyotobolewa usiyaache chini. Yatie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uweke juani wiki moja hadi funza wafe.

Kunguru wakidonoa, funika kwa nyavu chakavu za uvuvi. Alama za meno usiku ni panya.

Ukilazimika kutumia dawa ya kiwandani

Nunua iliyo kwenye chupa yake yenye namba ya usajili ya PCPB (bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu), si iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Vaa glovu, mikono mirefu na kitambaa puani, piga jioni nyuki wakishalala, na hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kabla ya kuvuna. Pilipili huchumwa kila siku chache, kwa hivyo dawa ya kusubiri siku 14 haifai mti unaozaa. Usipulizie karibu na mdomo wa kisima wala birika. Mtu akipata kizunguzungu, mate mengi, macho kufifia au kutapika baada ya kupuliza, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Usimtapishe kwa nguvu.

Tikiti limepasuka, au halina utamu

Kupasuka hutokana na kiu ya muda mrefu kisha maji mengi kwa ghafla, kama mvua za vuli zinapokuta tunda lililokomaa. Panda Agosti ili uvune kabla ya Novemba haijakolea, au Desemba uvune Machi kabla ya masika.

Kukosa utamu, chanzo cha kwanza ni haraka. Tikiti maji likishakatwa halizidi utamu. Soma tarehe ya uzi: aina ndogo kama Sugar Baby huchukua siku 30 hadi 35 tangu kushika, kubwa kama Crimson Sweet siku 40 hadi 45. Kisha tazama ukono, kile kiuzi kilichojisokota mkabala na kikonyo, uwe umekauka. Ligeuze: doa lililogusa udongo liwe la rangi ya siagi, si jeupe. Chanzo cha pili ni maji ya mwisho; siku 10 kabla ya kuvuna punguza hadi nusu, bila kuacha majani yalegee alfajiri. Cha tatu ni matunda mengi mno: kila mtikiti ubaki na mawili. Cha nne ni majani yaliyougua, kwa sababu sukari hutengenezwa huko.

Tikiti tamu lenye ganda la wavu lina ishara yake. Likinukia, na kikonyo kikaachia ukisukuma kidogo kwa kidole gumba, lichume asubuhi hiyohiyo. Likiachwa siku 2 zaidi kwenye jua la kaskazi, huanza kuchacha ndani.